Nyama kwenye machimbo: utafiti uanze na kuku

Kwenye machimbo ya Bafwasende na Banalia, mwenye kupata pesa anakuta vitu viwili vya kutia kwenye sufuria: nyama ya pori, ao mpiodi aliyetoka baharini, akasafiri kwenye barafu mpaka Kisangani. Watu wanaongezeka. Pori haliongezeki.

Watafiti wa Université ya Kisangani na wenzao wa CIFOR walilinganisha nyama ya pori iliyouzwa kwenye masoko ya mji wetu mwaka 2002 na ile ya 2008–2009. Matokeo yalitoka 2012. Basi kuhesabu nyama sokoni, tunajua. Swali linalobaki ni hili: kitu gani kitachukua nafasi yake?

Tusidanganyane juu ya ng'ombe. INEAC, iliyoundwa 1933 na leo inaitwa INERA, ilipatia Yangambi jina kwa mawese na kahawa. Kazi ya ng'ombe iliiweka Nioka, kule milimani Ituri. Sababu ni kwamba huku kwetu ndorobo anabeba ugonjwa unaomaliza ng'ombe. Aina ya N'Dama, kutoka Afrika ya magharibi, inavumilia ugonjwa huo, lakini inataka malisho na miaka mingi.

Kuku hataki malisho. Mama anamfuga nyuma ya nyumba, hata kwenye machimbo. Shida ni ile tauni ya Newcastle: wiki moja tu, banda zima limekwisha. Dawa ya kukinga iko. Tanzania wanatumia chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, kila miezi 3 ao 4. Inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Ukiifunga na kitambaa chenye maji na kuiepusha na jua, inaweza kusafiri kwa moto bila frigo. Hiyo njo barabara yetu.

Halafu chakula. Pumba za mchele, maganda ya muhogo na mashudu ya mawese viko hapa hapa Tshopo. Mchanganyiko gani unanenepesha kuku kwa bei mama anaweza kulipa? Hilo linatosha kwa kazi ya mwanafunzi wa IFA-Yangambi, lakini majaribio yafanyike kwenye machimbo, si katika shamba la shule peke yake.

Tunaomba wakubwa wa jimbo jambo moja: bajeti ya utafiti wa mifugo ilipe kwanza chanjo, na munganga wa mifugo wa kuifikisha mpaka Bafwasende.