Skana ya nyumbani: msidanganywe na dpi

Wadau, nimenunua skana, Canon LiDE 300, niokoe albamu ya mama kabla unyevu haujaimaliza. Simu nilishajaribu, kila picha inatoka na mng'ao wa taa.

Inakula umeme wa kompyuta kupitia USB, hivyo umeme ukikatika laptop inaendelea kuilisha. Hapo naipa tano.

Boksi linajigamba dpi 2400. Achaneni nazo! Picha iliyosafishwa 300 inatosha, 600 ukitaka kuikuza. Tatizo ni kwamba picha iliyojikunja, isiyogusa kioo, inatoka na ukungu. Na negativu haisomi kabisa.

Za marehemu baba zimebaki negativu tu. Hizo zinataka skana yenye taa kwenye mfuniko, kama Epson V600. Nilibana hela, najuta. Mwenye nayo hapa Dar aniazime, Jumatatu nairudisha.