Ukiona Mende, Uliza Landilodi Kabla Uulize Ufagio

Wasee, mende kwa keja yako si lazima iwe ni uchafu. Najua vile tumelelewa. Mgeni akiona mende mmoja kwa ukuta, unaanza kujitetea kabla hata hajasema kitu. Na kunguni ndio kabisa, hao hata beste yako humwambii.

Mimi naishi Kangemi, ghorofa ya tatu, ploti ya bedsita. Mwaka jana jirani mmoja alipata kunguni. Akapiga dawa, akachemsha mashuka, akaanika godoro juani siku nzima. Wiki mbili baadaye kunguni walikuwa kwa nyumba mbili za kando, na mwezi haujaisha wakarudi kwake. Keateka akasema huyo mama ni mchafu, ahame. Akahama. Kunguni wakabaki.

Hapo ndipo tunakosea kama mji. Kunguni hali makombo, anakula damu, kwa hivyo sakafu yako ikimeta ama isimete, kwake ni sawa tu. Anaingia na begi, kiti ama godoro la mitumba. Akishaingia, anapitia nyufa za ukuta na matundu ya waya za stima. Anajificha mahali pembamba kama kadi ya benki, na anaweza kukaa miezi bila kula. Ukipuliza dawa kwa nyumba moja, wengine wanakimbilia kwa jirani. Wakitulia, wanarudi.

Mende naye anafuata bomba za sinki na choo kutoka nyumba hadi nyumba. Panya mdogo anapita kwa tundu la milimita 6 hivi, kama upana wa penseli. Sasa inama uangalie nafasi iliyo chini ya mlango wako. Na Nairobi fly je? Yule hata hataki chakula chako. Mvua ikinyesha sana, anafuata taa usiku. Hang'ati, lakini ukimponda kwa ngozi, maji yake yanakuchoma. Hapo usafi unasaidia nini kama dirisha halina wavu?

Lakini sisi tunanunua dawa. Pita Tom Mboya ama River Road usikie zile spika: dawa ya panya, mende, kunguni, siku nzima. Kila mtu ananunua yake na kila mtu anapigana kivyake, kwa jengo lenye ukuta mmoja.

Na hii tabia ya kulaumu mtu badala ya nyumba haikuanza jana. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, wakoloni walichoma Bazaa ya Wahindi. Ugonjwa uliporudi miaka iliyofuata, wakaletewa mtaalamu, Profesa W. J. Simpson, ambaye alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi ya watu. Tauni inaletwa na viroboto wa panya, lakini jibu likawa ni nani aishi wapi. Leo tunaambiana "hama" na tunadhani tumetatua kitu.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inahesabu nyumba iliyojaa wadudu hadi ikahatarisha afya kuwa kero ambayo afisa wa afya anaweza kuamuru iondolewe. Na kama shida imetoka kwa kasoro ya jengo, ilani inapelekewa mwenye nyumba, si mpangaji. Katiba nayo, kifungu cha 43, inakupa haki ya makao ya kufaa na viwango vya usafi vinavyokubalika.

Najua landilodi atasema nini: rento ni ya chini, pesa hakuna. Sawa, tuhesabu basi. Saruji kidogo ya kuziba nyufa. Ile waya ya kusugua sufuria, unaishindilia kuzunguka bomba ndiyo panya asitafune. Wavu wa dirisha. Kipande cha mpira chini ya mlango. Kifuniko cha tundu la maji bafuni. Hiyo ni kazi ya fundi ya siku chache, na mpangaji akihama nyumba inakaa tupu bila rento.

Kitu kimoja tu, tafadhali: usizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha kwa magazeti ama katoni. Weka wavu, hewa ipite. Jiko la makaa kwa chumba kilichofungwa linaua watu wakiwa wamelala, na hakuna mbu mbaya kushinda hiyo.

Usafi uko na kazi yake, sijakataa. Funika taka, osha vyombo kabla ulale. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nauliza: ufa ni wa nani? Ukuta si wangu. Mimi nalipia tu kukaa ndani yake.

Kwa hivyo ukienda kutafuta keja, beba tochi. Angalia chini ya sinki, kando ya bomba, pembe za dari, chini ya mlango. Uliza nani ataziba, na uandikiwe kabla ulipe depoziti. Na kama ushahamia, usiende kwa landilodi peke yako na aibu yako. Bisheni milango, mwende ploti nzima. Akiwa anasikia mtu mmoja, ni uchafu. Akisikia nyumba 20, ni jengo lake.