Mnamcheka kwa Kufundisha Chekechea? Mngemuuliza Kwanza Alichojifunza Kule

Klipu mmeiona wote. Yule dada mrembo aliyewahi kuonekana kwenye video mbili tatu za Bongo Fleva, safari hii hana wigi wala kucha za kubandika. Kajifunga kanga kiunoni, kainama kwenye baraza ya chekechea moja hapa Dar, anamfuta mtoto makamasi. Sekunde chache tu. Komenti zikamiminika: mjini kumemshinda, kaishiwa, sponsa kasepa. Mmoja aliyejiona mjanja kuliko wenzake akashauri eti bora arudi kwao akalime.

Jina lake halitatajwa hapa, wanaomjua wanamjua. Ila dada wa watu hajaishiwa. Malezi ya watoto wadogo alisomea kabla hata mambo ya video hayajaanza, na pale shuleni alikuwa anamshikia darasa mwalimu aliyekwenda kujifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua pacha. (Baba anapewa siku 3, na kuna wanaume hata hizo 3 hawaonekani nyumbani, lakini hiyo stori ya siku nyingine.) Mwalimu akiondoka siku 84, watoto wa miaka minne na mitano hawafungiwi kabatini wamsubiri. Lazima awepo mtu wa kukaa nao. Huyo ndiye mnayemcheka.

Na aliyerekodi ni nani? Alikuwa ndani ya gari, getini, asubuhi ya kuleta watoto. Ni mzazi wa palepale. Sura za watoto wa wenzake zinaonekana waziwazi, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Yeye kaona kichekesho, kaposti, kawasha gari kaondoka. Mwanawe hakuagwa. Alisukumwa getini, aliposhangaa shangaa kidogo, baba hayupo.

Hicho ndicho dada yule alichokutana nacho kule. Vitu vidogo vidogo alijifunza upesi. Kwamba ukipiga kelele, na wao wanapiga kelele, na wao ni wengi. Ukinong'ona, wananyamaza wenyewe wasikie unasema nini. Kwamba ukishika simu hata nusu dakika wameshajua, na kuna mmoja atakuja kukugeuza uso kwa mikono yake miwili yenye uji. Mwongozo wa serikali unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Yeye alikabidhiwa 38. Haya, hayo ni ya kila mwalimu wa chekechea, waulizeni watawaambia.

Lakini kuna kubwa. Wale watoto hawakuwa wameambiwa Ticha wao kaenda wapi. Ijumaa waliimba naye, Jumatatu wakakuta sura ngeni imekalia kiti chake. Mwenye shule alitoa amri moja tu: msiwaambie, watasumbua, watoto wanasahau.

Hawakusahau. Kwa mujibu wa mwalimu mwenzake wa pale, kijana mmoja alikataa kuvua begi siku nne nzima. Alikunywa uji na begi mgongoni, akachora na begi mgongoni, akalala mchana na begi mgongoni. Binti mwingine kila ikikaribia saa ya kwenda nyumbani aliuliza, "Ticha, kesho utakuja?" Akijibiwa ndiyo, anarudi tena baada ya dakika tano na swali lilelile. Siku moja ikafika saa ya kutoka, viatu vya Ticha havionekani. Vilitafutwa hadi jikoni. Vilikuja kukutwa chini ya boksi la midoli, na aliyevificha alijitetea vizuri kabisa: bila viatu mtu hawezi kuondoka.

Sasa semeni tena watoto hawajui kitu.

Ukweli ni kwamba mjini hapa kumtoroka mtoto tumeshakufanya malezi. "Mchezeshe nitoke." "Naenda dukani nakuletea pipi," kumbe ni safari ya Dodoma ya wiki mbili. Dada wa kazi kalala na mtoto kitanda kimoja miaka miwili, ndiye anayejua anaogopa mende na hapendi maziwa ya moto. Siku bosi akichukia, anafukuzwa alfajiri mtoto akiwa usingizini. Asubuhi kuna dada mpya, mtoto anaambiwa "msalimie dada," basi imeisha. Tunabadilisha wadada kama bando la wiki. Baba kahama nyumba, mwaka wa pili huu mtoto anaambiwa yuko safari. Na wote wanaofanya hivyo watakwambia wanamwonea mtoto huruma. Huruma gani? Mtu mzima anaogopa kilio, anaogopa dakika kumi za kuaibika getini, basi anaondoka kimyakimya na kuliita hilo upendo.

Atatokea wa kusema foleni ya Dar haimsubiri mtu amalize kubembeleza. Kweli, haisubiri. Mtu anatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, akichelewa anakatwa mshahara. Ila kile kilio hakijafutika. Kimeachwa kwa Ticha, mwenye wengine 37. Na mtoto aliyeagwa analia sasa hivi, akinyamaza kanyamaza. Aliyetorokwa anashinda anachungulia mlango.

Na mastaa nao wasijifiche. Mnawajua wale wanaokwenda vituo vya watoto yatima na kreti za soda, mbuzi mmoja na wapiga picha watatu. Wanabeba mtoto, wanambusu shavu, wanatoa machozi mbele ya kamera, wanaahidi "mwezi ujao tuko hapa tena." Mwezi ujao wako Dubai. Yule mtoto aliyebebwa anabaki anauliza dada mrefu anarudi lini, na walezi wa kituo hawana jibu la kumpa. Hao mnawamwagia makopakopa. Aliyekaa likizo nzima ya mwenzake akiwakinga watoto matapishi kwa mikono, huyo ndiye kichekesho. Kwenu huruma inahesabika ikiwa na mpiga picha tu?

Zilipobaki wiki tatu mwenye mali arudi, dada yule aliamua kupingana na mwenye shule. Aliweka kopo juu ya meza lenye vizibo 15 vya soda, kimoja kwa kila siku ya shule iliyobaki. Akawaeleza watoto kwamba Ticha wao alikuwa amekwenda kujifungua, kwamba mtoto kazaliwa salama, na kwamba kopo likiwa tupu Ticha anarudi na yeye anaondoka. Kila asubuhi mmoja alitoa kizibo, waliobaki wakahesabu. Hapo napo kuna hesabu ya kutoa, kama kuna mzazi aliyekuwa anauliza mwanawe analipiwa ada ya nini.

Mwenye shule alinuna. Alisema watoto watalia, na alikuwa sahihi: siku ya kizibo cha mwisho walilia sana, na Ticha alilia nao. Yule wa begi alimletea viatu vyake mpaka mlangoni, kimoja kimoja, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vinamzidi mikono. Kisha saa nne ikafika, wakaenda kunywa uji.

Dada yule kalipwa siku alizoingia darasani tu, sikukuu zimekatwa, na hajaitwa tena. Mama anayepika uji pale shuleni naye ana ujauzito wa miezi minane, anaanza likizo wiki ijayo. Watoto bado hawajaambiwa.