Kompyuta Inayogoma Alfajiri

Jumapili hii naomba tusogee kwenye ile meza ya pembeni, ile iliyofunikwa kitambaa, yenye chombo ambacho watoto huonywa wasikiguse. Nazungumza juu ya kompyuta, au tarakilishi kama walimu wetu wa Kiswahili wanavyotutaka tuiite. Wala sisemi hizi nyembamba za kukunja na kutia mkobani. Nasema lile sanduku zito la mezani ambalo mtu aliliunga mwenyewe kwa vipande alivyonunua kimoja kimoja, na ambalo sasa limezeeka na kushika ukaidi. Leo linawaka, kesho haliwaki.

Nina sababu ya kuileta habari hii. Kaka yangu, ambaye tulimzika mwaka 2019, alikuwa mtu wa kuunga vitu. Mwaka 2011 aliunga kompyuta nyumbani kwake Kitale. Sanduku na madabodi alivinunua barabara ya Luthuli jijini Nairobi, diski akaipata kwa mtu aliyekuwa akifunga ofisi, na ule ubao wa kumbukumbu uitwao rami akauongeza miaka mitatu baadaye, msimu alipouza mahindi vizuri. Mashine hiyo ndiyo iliyomfunza binti yake kupiga chapa. Ndiyo pia iliyokuwa imebeba kazi ya binti huyo ya mwaka wa mwisho chuoni, kurasa hamsini na kitu, alipokuja likizo ya Agosti na kuikuta imeanza mgomo.

Mgomo wenyewe ulikuwa hivi. Unabonyeza swichi, feni inazunguka kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, kisha kimya. Unabonyeza tena, kimya. Mara ya tano au ya sita inaunguruma na kuwaka, na ikishawaka hufanya kazi kutwa nzima bila kulalamika. Wadogo zake walikuwa wameamua kwamba dawa yake ni kofi. Nilipofika nyumbani hapo nilikuta ubavu wa sanduku umebonyea.

Wifi yangu aliita fundi. Fundi akafungua, akachungulia kama dakika mbili, akatoa hukumu: "Mama, madabodi imekufa. Nipe elfu tisa nikutafutie ingine, na hiyo diski tuipige formati." Maskini wifi akaenda ghalani kuhesabu magunia.

Hapa nitasema wazi, hata kama kuna fundi atakayenuna. Madabodi iliyokufa haifufuki kila asubuhi ikibonyezwa mara ya sita. Na kuifuta diski kwa sababu mashine haipati umeme ni sawa na kubomoa jiko kwa kuwa kuni zimelowa. Fundi anayetaka kufuta diski yako kabla hajashika mita ya kupimia umeme, mwage na umpe nauli.

Binti hakukubali. Alilifunga sanduku kwa shuka, akapanda nalo matatu kupitia Kiminini na Webuye hadi Bungoma, mji anaosomea, kwa fundi anayemwamini. Fundi huyo wa Bungoma aliiwasha mara kumi, nayo ikawaka mara kumi. Akapuliza vumbi, akatoza pesa ya kusafisha tu, akamwambia, "Dadangu, hii haina ugonjwa. Rudi nayo nyumbani." Asubuhi iliyofuata, pale Kitale, feni ikashtuka na kunyamaza.

"Shangazi," aliniambia kwa simu, sauti ikimkwama kooni, "hii kitu inanichukia mimi ama inachukia Kitale?"

Nilicheka, lakini baadaye niliona kwamba swali hilo lilikuwa limelibeba jibu lenyewe.

Nilimwambia afanye mambo mawili kabla ya kugusa bisibisi. La kwanza, mara tu mashine itakapowaka, anakili kazi yake yote kwenye flashi mbili, moja akae nayo na nyingine ampe mtu wa nyumba nyingine. Kompyuta inayositasita kuwaka ni kama mzee anayelalamika kifua. Huendi kwanza kumuuliza atapona lini, unamuuliza hati ya shamba iko wapi. La pili, achukue daftari aandike kwa juma zima: saa aliyobonyeza, mara ngapi kabla ya kuwaka, na kama usiku wa jana swichi ya ukutani ilizimwa au iliachwa.

Wakati daftari likijazwa, tulipita kwenye mambo ya rahisi, na hata wewe unaweza kuyafanya maadamu umechomoa waya wa umeme kwanza. Tulianza na soketi na ekstensheni. Tuliichomeka mashine moja kwa moja ukutani, mahali ambapo pasi ya nguo hufanya kazi bila matatizo. Haikusaidia. Tukatazama betri ndogo ya duara iliyo juu ya madabodi, ile inayotunza saa na mipangilio. Ya kwetu ilikuwa imekwisha, maana kila ikiwaka kompyuta ilidhani ni Januari ya miaka mingi iliyopita. Betri hiyo huitwa CR2032, na jina lake ni kipimo chake: upana milimita 20, unene milimita 3.2, na nguvu volti 3. Kwa watengenezaji wa saa inapatikana. Tuliibadilisha, saa ikarekebika, mgomo ukaendelea. Nataja hili kwa sababu wengi hukomea hapo; wakipata kosa moja hudhani wamepata kosa lenyewe.

Rami nayo tuliitoa, tukasugua taratibu zile ncha zake za rangi ya dhahabu kwa ufutio safi, tukaipangusa na kuirudisha mpaka vishikizo vya pembeni vikalia. Hiki ni kisa cha kawaida sana katika mashine zilizozeeka, hasa zinazosafirishwa kwa matatu. Mara nyingi, rami ikilegea utasikia feni zikizunguka vizuri huku skrini ikibaki nyeusi, au mashine italia kwa milio ya kuhesabika. Ihesabu milio hiyo uiandike, maana kila mtengenezaji ana maana zake. Yetu haikulia wala feni hazikudumu, kwa hiyo rami nikaishuku kidogo tu. Swichi ya mbele pia tuliipima: tulichomoa waya wake mdogo kwenye madabodi, tukagusanisha vile vijiti viwili kwa ncha ya bisibisi. Mgomo ukawa ni ule ule. Swichi haikuwa na hatia.

Kisha juma likaisha, daftari likasema. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, mibonyezo minne hadi saba. Saa sita mchana, mmoja. Jioni, mmoja. Ikizimwa kwa saa nzima kisha ikawashwa, mmoja. Na kulikuwa na asubuhi moja tu ambapo iliwaka mara ya kwanza: ile ambayo wifi alikuwa amelala matangani, na swichi ya ukutani haikuzimwa usiku.

Daftari hilo nililipeleka kwa mzee mmoja jirani, fundi wa redio tangu enzi za betri za mawe. Kompyuta haijui sana, na alikiri hivyo. Alisoma ukurasa ule, akavua miwani. "Mama, hiki si kitu kipya. Televisheni za zamani zilikuwa hivi. Baridi ikiingia haziwaki mpaka zipate moto kidogo. Hiyo ni kapasita."

Kapasita, msomaji, ni kikopo kidogo cha alumini. Ndani kuna utepe wa karatasi ulioloweshwa kemikali. Kazi yake ni kama ya mtungi chini ya mfereji unaotoa maji kwa kukatakata: hupokea umeme unaopandashuka, kisha huutoa umetulia. Miaka inavyopita kemikali ile hukauka. Joto ndilo huikausha; kwa kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa kama nusu. Lakini ikishakauka kiasi, adui yake hugeuka kuwa baridi. Kile kimajimaji kilichosalia huzubaa, umeme ukapita kwa shida, na volti hazitulii. Ikipata joto kidogo huchangamka tena.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi kama 6, kwa hiyo tofauti ya miji hii miwili ni nyuzi 3 tu. Hiyo peke yake isingetosha. Ila yule fundi wa Bungoma aliijaribu mashine saa nane mchana, chini ya mabati, baada ya kuiacha imechomekwa mezani kwake tangu asubuhi. Kwetu iliamshwa alfajiri, upepo wa Mlima Elgon ukipenya dirishani, baada ya kukatiwa umeme usiku kucha.

Kukatiwa huko ndiko kulikokuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Tangu mtindo wa ATX ulipoletwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, kompyuta ya mezani iliyochomekwa huwa haizimiki kabisa. Lile sanduku la umeme lililo nyuma, penye feni na soketi, hubaki likitoa volti 5 kidogo kidogo ili liweze kuitikia swichi, na hiyo huliweka na uvuguvugu. Ukibonyeza, hutoa volti 12, 5 na 3.3, kisha huiarifu madabodi kwamba zimetulia. Habari hiyo inatakiwa kufika ndani ya kama nusu sekunde. Isipofika, madabodi hukataa kuanza. Ndiyo maana feni ilishtuka na kunyamaza.

Mzee alikuja alfajiri na mita yake. Kwenye waya wa zambarau, ule wa volti 5 za kungojea, alisoma 4.4. Kipimo kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani isishuke chini ya 4.75. Baada ya robo saa ilikuwa imepanda hadi 4.8, na mashine ikawaka. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Hatukulinunua sanduku jingine papo hapo. Tuliazima la mwalimu jirani ambaye kompyuta yake ilikufa kwa radi ya skrini, tukalifunga kwa asubuhi sita. Mara sita, mbonyezo mmoja. Ndipo tukanunua lililotumika, kwa pesa isiyofika robo ya ile elfu tisa. Na hapa marehemu kaka alitufaa: kompyuta za kuungwa nyumbani hufuata kipimo kimoja cha ATX, wakati baadhi ya zile za makampuni makubwa zina plagi zao za kipekee. Ukienda kununua, beba lile la zamani ulinganishe plagi, na usichukue lenye wati pungufu.

Kama yako inafanya kinyume, yaani inawaka asubuhi vizuri kisha inazimika mchana ikipata moto, acha kapasita za sanduku la umeme kwanza. Tazama vumbi kwenye feni ya kichwa cha kompyuta, hasa kama mnapukuchua mahindi karibu na nyumba, na ile dawa nyeupe iliyo chini ya chuma cha kupozea, ambayo hukauka ikawa unga. Na kama mashine yako ni ya miaka ya 1999 hadi 2007 hivi, mulika madabodi kwa tochi. Nyakati hizo kapasita nyingi mbovu ziliuzwa duniani kote, na zikiharibika vichwa vyake huvimba au kutoa uchafu wa rangi ya kahawia.

Wengine mtaniuliza kwa nini tusingeiacha tu swichi ya ukutani usiku. Nilimwuliza wifi hivyo, akanitazama kama mgeni. Sehemu zinazozunguka Ziwa Victoria na Mlima Elgon ni miongoni mwa zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na yeye alishaona televisheni mbili zikiungua. Ana haki. Tena stima ikikatika, kama usiku ule wa Agosti 25, 2023 nchi karibu yote ilipoingia gizani, chomoa, na ikirudi subiri dakika kadhaa kabla ya kuchomeka.

Lile sanduku la zamani kijana wa nyumbani alitaka kulifungua apate waya za shaba. Tulimzuia. Umeme wetu wa volti 240 ukishageuzwa ndani ya kile chombo hufikia karibu volti 340, na kapasita yake kubwa inaweza kuushika muda mrefu baada ya kuchomoa. Mzee wa redio alilichukua. Yeye anajua kulinyonya umeme kwanza.

Binti aliwasilisha kazi yake Septemba. Wifi bado anazima ukutani kila usiku, na mashine inawaka mbonyezo wa kwanza.