Ati Neno Hili Halifasiriki!

Ndugu walimu, siku hizi imezuka desturi ya kukusanya maneno ya mataifa mbalimbali ambayo, ati, hayafasiriki kwa Kiingereza. Mwenzangu mmoja aliniletea orodha ya namna hiyo, akataka niwasomee wanafunzi wapate kustaajabu. Nilikataa, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, orodha yenyewe yajisuta. Yasema kwamba Wajerumani wana neno Schadenfreude, lisilo na mwenziwe katika Kiingereza. Kisha papo hapo yaeleza, kwa Kiingereza, kuwa ni furaha aionayo mtu kwa msiba wa mwingine. Wajapani nao wana tsundoku, yaani kununua vitabu na kuvilimbika pasipo kuvisoma. Je, msomaji, hukuelewa? Basi yamefasirika! Kilichokosekana ni neno moja tu la kukaa mahali pa neno moja, na hilo si ajabu. Kufasiri si kuvunja noti dukani, upewe shilingi kwa shilingi.

Pili, wakusanyaji hutangaza kabla ya kuuliza. Mwaka 2004 kampuni moja ya wafasiri huko London ilieleza kwamba imewauliza wataalamu 1,000, na kwamba neno gumu kupita yote ni ilunga, la Tshiluba, lugha ya Kasai katika Kongo. Maana yake, ati, ni mtu asameheye kosa mara ya kwanza, avumiliaye mara ya pili, asiyekubali mara ya tatu. Habari ikaenea magazetini. Lakini Wakongo walipoulizwa, wako waliojibu kwamba Ilunga wao hulijua kuwa ni jina la mtu. Na jina hilo ni la zamani: masimulizi ya Waluba humtaja Kalala Ilunga kuwa mwanzilishi wa ufalme wao. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutangaza neno la watu kabla ya kusikia kauli ya wenyewe.

Tatu, na hili ndilo liniumalo, desturi hii hufanya Kiingereza kuwa kipimo cha lugha zote. Neno letu likikosa mwenzi huko, huitwa kioja. Neno lao likikosa mwenzi kwetu, twaambiwa lugha yetu ni maskini. Ni haki gani hii yenye mizani miwili?

Madhara yake nimeyaona kwa macho. Mgeni alijikwaa kizingitini mwa darasa, na mvulana mmoja akamwambia kwa adabu lile neno la Kiingereza la kuombea radhi. Mwalimu aliyekuwapo akacheka: “Kwani wewe ndiwe uliyemkwaza?” Darasa zima likacheka. Lakini mtoto hakuwa akiomba radhi. Alikuwa akitafuta pole. Neno hilo moja twamwambia mgonjwa, mfiwa, mchovu wa kazi na aliyejikwaa, wala hatukiri kosa lolote. Mwalimu angaliweza kumweleza tofauti hiyo kwa dakika mbili. Badala yake alimfundisha kunyamaza, na tangu siku ile mtoto hafumbui kinywa katika somo la Kiingereza.

Wala kukosa neno si aibu. Waingereza walichukua safari kwetu, nasi tulikuwa tumeitoa kwa Waarabu. Meza na leso tulizipata kwa Wareno. Krapf naye, katika kamusi yake ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1882, alipokosa neno moja la Kiingereza aliandika maelezo marefu na kutia mifano ya usemi wa watu. Hakusema neno halifasiriki, alifanya kazi.

Basi na tufanye vivyo hivyo. Kila mwanafunzi na aende kwa wazee wake, alete neno moja la nyumbani, aulize latumika wapi na kwa nani, kisha alieleze kwa Kiingereza kwa sentensi tatu. Hapo atajifunza lugha mbili kwa pamoja, wala hataionea haya hata moja.