Je, Mwanafunzi wa Kiislamu Aikimbie Chupa ya Hamira?

 

 Ukurasa huu tunauanza kwa kukiri kosa letu. Mwaka uliopita mmoja wa wanafunzi wetu, binti anayesoma sekondari asubuhi na kuja madrasa alasiri, alituuliza: "Ustadh, kesho maabara tunachachusha hamira na sukari, na mwalimu amesema itatoka alkoholi. Niingie au nisiingie?" Tulikuwa tunawahi darasa la tajwidi, tukamjibu tukiwa tumesimama: jiepushe na lenye shaka. Binti akajiepusha. Alikaa nje ya maabara kipindi kizima, na mtihani ulipokuja, swali la jaribio lile akaliacha tupu. Baba yake alipotuletea karatasi ya majibu hakutulaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Tulipotulia tukatambua kwamba tumelitolea hukumu jambo tusilolijua. Basi tukaenda jikoni kwa madrasa na chupa nne za soda za kioo, maputo manne ya watoto, na hamira ile ile inayoumulia mandazi ya wanafunzi. Chupa ya kwanza tukatia hamira, sukari na maji ya uvuguvugu. Ya pili hamira na maji ya uvuguvugu bila sukari. Ya tatu hamira, sukari na maji yanayochemka. Ya nne hamira, sukari na maji ya barafu. Kila mdomo wa chupa tukauvika puto.

Haikupita saa moja puto la kwanza likasimama wima. La pili lilitikisika kidogo tu likatulia. La tatu halikuinuka kabisa, kwa sababu maji ya moto yaliiua hamira. La nne lililala mpaka chupa ilipopata joto la jua, likaanza kuamka. Watoto wa darasa la Juzuu Amma walipiga kelele kama wameona mpira umeingia golini.

Kilichoinua puto ni hewa ya ukaa. Hamira si unga mfu, bali ni viumbe hai vya jamii ya kuvu, vidogo hata mia moja wakipangwa mstari hawazidi urefu wa milimita moja. Mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyethibitisha, katika kazi zake za kuanzia mwaka 1857, kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Kabla yake wakemia wakubwa walidhani ni kuoza tu. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner akaisaga hamira, akakamua maji yake, na maji yale yakaendelea kuchachusha sukari bila chembe moja iliyo hai. Kwa hilo alipata tuzo ya Nobel mwaka 1907. Sukari inapovunjwa, kwa hesabu ya kemia gramu 100 za glukosi hutoa karibu gramu 49 za hewa ile na karibu gramu 51 za alkoholi. Hapa ndipo mzazi anapokunja uso, na ana haki.

Lakini tungoje kidogo. Wanafunzi wetu wakubwa wamesoma katika Sahihi Muslim habari ya nabidh, yaani maji yaliyorowekwa tende au zabibu yakawa matamu. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alirowekewa asubuhi akanywa jioni, na alirowekewa jioni akanywa asubuhi. Ibn Abbas (R.A.) naye amepokea kwamba ilipofika jioni ya siku ya tatu, kilichobaki kilimwagwa. Miaka mingapi tumeisomesha hadithi hii bila kuroweka hata tende moja! Safari hii tuliziroweka, tende zilizobaki kutoka Ramadhani, bila kutia hamira yoyote. Siku ya kwanza maji yalikuwa matamu na matulivu. Siku ya tatu yalikuwa na povu na harufu ya kupasua pua, maana hamira ya mwituni imo katika ngozi za matunda na hewani. Tende kavu ilikaa koponi miezi bila kuchacha kwa sababu sukari imezidi maji. Asali ni vivyo hivyo, mpaka iongezwe maji. Na tembo la mnazi wetu wa pwani halingoji hata siku moja. Huanza kuchacha katika kibuyu juu ya mnazi, likateremshwa lingali tamu, na saa chache baadaye limekuwa kali.

Liko jambo jingine lililotushangaza. Mtume (S.A.W.) aliwakataza wajumbe wa Abdul Qays kuroweka nabidh katika vibuyu, mitungi iliyopakwa na magogo ya mtende yaliyochimbwa, kisha baadaye akaruhusu vyombo vyote mradi kisinywewe kileweshacho. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, ameeleza kwamba katika vyombo vile kinywaji hugeuka kileo na mtu asijue, ama kiriba cha ngozi kikiwa na kilichogeuka hupasuka. Tulikitazama kile kiputo kilichovimba, tukasema: hiki hapa kiriba.

Wapo watakaotukumbusha kwamba katika waliolaaniwa kwa ajili ya khamri, mkamuaji naye yumo. Ni kweli, na hatuipunguzi hadithi. Lakini mkamuaji yule anakamua ili inywewe. Mwanafunzi anayetazama puto kwa saa moja kisha akamwaga hatengenezi kinywaji, kama mama anayeumua unga hatengenezi kinywaji, ingawa ndani ya unga ule alkoholi imo na sehemu yake kubwa huruka kwa joto la tanuri. Tunatofautisha, hata hivyo. Mwalimu akiamrisha mchanganyiko uachwe wiki tatu kisha uchomwe na kuvunwa mvuke ili kupata kileo chenyewe, rai yetu ni kwamba mwanafunzi aombe kwa adabu atazame na kuandika tu. Kuonja ni haramu bila mjadala, kiwe kingi au kidogo. Na kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi kilicholewesha ni najisi, mikono na nguo vioshwe kabla ya sala, na chupa nazo.

Sisi tulimwaga maji yale ya tende nyuma ya choo, tukaosha, tukawahi alasiri. Yule binti alikuwepo. Aliomba mwalimu wake wa sekondari amruhusu kurudia jaribio, akaruhusiwa, na michoro ya chupa nne aliyoichora jikoni kwetu sasa imebandikwa ukutani katika darasa la hadithi, chini ya jina la Ibn Abbas.

Inshallah tutaroweka tena msimu wa baridi, tuone kama siku ya tatu hutofautiana na ile ya kiangazi. Mwenye chupa safi zenye mdomo mwembamba atuletee.