Daftari la wiki: Jaketi la theluji sokoni Tandika

Asubuhi sokoni Tandika, Temeke, belo la majaketi limefunguliwa. Muuzaji ananyoosha moja jekundu, zito. "Mama, hili la bodaboda, upepo haupenyi." Naligeuza. Mkono wa kushoto, karibu na kiganja, kuna kimfuko cha zipu. Ndani, kiunoni, pindo lenye mpira na vifungo vya kubana. Hili limeshonwa kwa ajili ya mchezo wa ski. Kimfuko ni cha kadi ya kupandia lifti mlimani, na pindo huzuia theluji isiingie mgongoni ukianguka. Na mgeni lazima aanguke.

Nimelichukua kwa ajili ya binti wa jirani yetu, ambaye shangazi yake anayeishi Austria amemwita akae naye msimu wa baridi. Fulana za pamba nimemkataza: zikilowa jasho hazikauki upesi, na mwili unapoa. Avae sufu ndani. Viatu na mbao za ski zinakodishwa huko huko, na viatu hivyo lazima avijaribu mguuni.

*

Msimu wa ski hutoka Desemba hadi Aprili, lakini visa ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Austria, inampa mtu siku 90 tu ndani ya 180. Achague miezi yake mapema. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yawasilishwe angalau siku 15 kabla ya kuondoka.

Bima inayotakiwa ni ya euro 30,000 kwenda juu. Hapo wengi wanaridhika, nami naumia, kwa sababu bima nyingi za safari hazigusi ajali ya ski mpaka uongeze malipo. Aliyevunjika mguu juu mlimani huenda akashushwa kwa helikopta, na gharama inamrudia yeye. Tumeisoma karatasi ya bima na baba wa binti mstari kwa mstari, hasa yale maandishi madogo ya nyuma.

*

Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji hodari kabla ya kupelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza ski. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, katika mbio za ski za kilomita 10, alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mstarini amkumbatie. Namheshimu sana Boit. Pumzi alikuwa nazo. Lakini ski ina ufundi wake. Kwa hiyo fedha ya mwalimu wa siku za mwanzo isipunguzwe. Mapaja ndiyo huchoka kwanza, basi binti aanze sasa kupanda ngazi na kuchuchumaa kila jioni.

*

Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi mikali ya jua. Macho huungua, na ngozi yetu nayo huungua. Miwani ainunue duka la miwani, si kwa wanaotembeza barabarani.

*

Linalonikosesha usingizi ni homa. Mtu wa Dar akichemka wiki ya pili ugenini, katikati ya msimu wa mafua, daktari wa kijiji cha milimani atawaza mafua. Kumbe vimelea vya malaria huenda alipanda navyo ndege, na malaria yetu hii isipotibiwa inaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Aseme mwenyewe, kabla hajaulizwa: natoka Tanzania, nipimeni malaria. Maneno hayo tumeyaandika kwa Kijerumani, nakala moja ndani ya pasipoti, nyingine kwa shangazi.